Rubani wa Wenye Njaa: Maisha ya Carl Gustaf von Rosen (1909–1977)

Natumai saumu yako inaendelea vizuri, na kama unasoma ukurasa huu kabla ya magharibi basi vumilia kidogo, maana habari ninayokuletea leo ni ya njaa tupu, ingawa si njaa hii yetu ya kuhesabu masaa mpaka adhana.

Kwenye ukurasa huu tumezoea kusoma maisha ya masahaba, maulamaa na masheikh waliotutangulia. Safari hii namleta rubani. Hakuwa Muislamu, wala hakuzaliwa Kisii wala Nyamira, alizaliwa mbali kabisa kwenye nchi ya barafu. Lakini alikufa upande huu wetu wa Afrika, vitani, akiwapelekea chakula watu ambao wengi wao walikuwa Waislamu, na waliomuua nao walikuwa Waislamu. Kwa hiyo habari yake inatuhusu, na ni vizuri kijana aijue yote, tamu na chungu.

Uhabeshi si jina geni kwetu. Mtoto wa madrasa anaijua Habasha kwa ajili ya mfalme Najashi na wale wakimbizi wa mwanzo. Na huku milimani kwetu kuna familia ambazo babu zao walichukuliwa jeshini KAR, wakavuka mpaka wa kaskazini mwaka 1941 kwenda kumtoa Mwitaliano. Sasa, miaka kama mitano au sita kabla ya wazee hao kufika huko, alikuwako rubani mmoja kijana kutoka Uswidi akirusha kindege kidogo cha kubebea wagonjwa. Huyo ndiye Carl Gustaf von Rosen.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1909, sehemu inayoitwa Helgesta. Familia yao ilikuwa ya mabwanyenye wenye vyeo vya kurithi na jumba la kifahari lililokaa kando ya ziwa. Baba yake, Eric von Rosen, alikuwa msafiri aliyepita nchi nyingi, hata Afrika alishaizunguka. Mwaka 1918, Finland ilipokuwa ndiyo kwanza imejitoa kwa Mrusi na iko vitani, mzee huyo aliwapa zawadi ya ndege, na kwa ndege hiyo jeshi la anga la Finland linahesabu kuzaliwa kwake. Mzee aliichora mabawani alama yake ya bahati, ule msalaba uliopindwa ncha, wa rangi ya buluu. Wakati huo Wanazi walikuwa bado hawajaichukua alama hiyo. Baadaye wakaichukua, na mzee mwenyewe akaja kuwa karibu na siasa za aina hiyo.

Na si alama peke yake. Majira ya baridi ya mwaka 1920, mzee Eric alikodi ndege imrudishe nyumbani kwenye dhoruba ya theluji. Rubani aliyekubali kumleta alikuwa Mjerumani aliyetoka vitani, kwa jina Hermann Göring. Akalala pale kwenye jumba lao, na palepale akamwona Carin, mdogo wake mama wa Carl Gustaf, akampenda. Mwaka 1923 wakaoana. Yaani kwa hesabu yetu ya Kiafrika, Göring, mtu aliyekuja kuwa mkuu wa jeshi la anga la Hitler, alikuwa baba mdogo wa kijana huyu. Weka hilo akilini, litarudi.

Kijana hakuwa na hamu ya vitabu. Alipenda injini, mafuta na spana. Akajifunza ufundi wa ndege, akajifunza kurusha, akawa anazunguka kwenye maonyesho akifanya michezo ya hatari angani, watu wanalipa kiingilio wanashika vichwa. Mtoto wa tajiri anayechezea maisha yake, ndivyo walivyomwona wengi. Ingeweza kuishia hapo.

Tarehe 3 Oktoba 1935 Italia ya Mussolini ikaivamia Uhabeshi. Msalaba Mwekundu wa Uswidi ukapeleka madaktari na mahema, na von Rosen akaenda kuwa rubani wao. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa na kuwatoa majeruhi sehemu zisizo na barabara, akitua mahali popote palipo tambarare kidogo. Huko ndiko alikoona vita vya kweli. Waitaliano walikuwa wakimwaga kutoka angani gesi ya sumu inayobabua ngozi na kuharibu macho na mapafu, juu ya watu waliokuja vitani peku, wengine na mikuki. Tarehe 30 Desemba 1935 wakaipiga mabomu hospitali ya mahema ya Waswidi hapo Melka Dida, huko kusini. Von Rosen mwenyewe aliungua kwa ile gesi. Mwezi Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka, Haile Selassie akakimbilia uhamishoni, na rubani wetu akarudi kwao akiwa mtu mwingine. Mimi nadhani yaliyofuata yote katika maisha yake yalianzia pale, kwenye kuona ndege zinaweza kumfanya nini mtu asiye na ndege.

Akaajiriwa na shirika la ndege la Uholanzi, KLM. Kazi nzuri, mshahara mzuri. Lakini mwishoni mwa mwaka 1939 Urusi ikaivamia Finland, na jamaa akaacha kazi akaenda. Hakwenda mikono mitupu, alikwenda na ndege alizozipata mwenyewe, moja wapo ikiwa ndege ya abiria ambayo walitoboa na kuifunga vitu vya kubebea mabomu. Fikiria ndege ya abiria, nzito, taratibu, inaingia usiku kwenye anga la Mrusi kwenda kuangusha mabomu! Akarudi salama. Vita vile viliisha Machi 1940.

Kisha Hitler akaingia Uholanzi. Von Rosen akaomba kujiunga na jeshi la anga la Uingereza apigane na Wajerumani. Wakamkataa. Sababu? Yule baba mdogo. Waingereza hawakuwa tayari kumkabidhi ndege ya kivita mtu aliyeoleana na Göring, hata kama Göring mwenyewe ndiye aliyetaka kwenda kumpiga. Mtu hachagui ukoo, lakini ukoo unaweza kukufungia mlango, hili vijana wengi wa huku kwetu wanalijua bila kufundishwa.

Vita vikaisha 1945. Haile Selassie alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, na alitaka nchi yake isiwahi tena kupigwa kutoka angani ikiwa haina cha kujibu. Akawaita Waswidi, na von Rosen akarudi Uhabeshi kuunda jeshi la anga. Alikaa huko mpaka mwaka 1956. Makao yalikuwa Bishoftu, mji wa maziwa ya volkano kusini mashariki ya Addis Ababa, ambao kwa muda mrefu uliitwa Debre Zeit. Zikaletwa ndege za Saab kutoka Uswidi, zikafunguliwa karakana, na vijana wa Kihabeshi wakafundishwa kurusha na kutengeneza. Hebu angalia miaka hiyo. Hapa Kenya katika miaka ya arobaini na hamsini, Mwafrika kuendesha lori la serikali lilikuwa jambo la kusimulia, na jeshi letu la anga lenyewe lilianza Juni 1964. Huko jirani, Mwafrika alikuwa tayari anaruka na ndege ya kivita. Bishoftu ikawa ndiyo nyumbani kwa von Rosen kuliko mji mwingine wowote, na ukimwita rubani wa Uhabeshi hujakosea.

Baada ya hapo alifanya kazi na kampuni ya Transair ya Uswidi, ambayo ilikuwa ikiwarushia Umoja wa Mataifa kwenye vurugu za Kongo. Ndege iliyoanguka karibu na Ndola Septemba 1961 na kumuua Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ilikuwa ya kampuni hiyohiyo. Sitakaa sana hapo, maana safari ndefu iko mbele.

Mwaka 1967 watu wa mashariki ya Nigeria, wengi wao Waigbo, walitangaza nchi yao, Biafra. Vita vikaanza Julai. Serikali ya Nigeria ikaizunguka Biafra pande zote, bandari zikafungwa, chakula kikakatika. Nyinyi mmeona zile picha za watoto wenye matumbo makubwa na nywele zilizogeuka rangi, nyingi zilitoka huko. Inakadiriwa waliokufa walifika milioni moja au zaidi, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa.

Biafra ilibakiwa na kiwanja kimoja kikubwa, Uli. Ukikiita kiwanja umekiheshimu. Kilikuwa kipande cha barabara ya lami kilichopanuliwa. Chukua mfano wa barabara yetu ya Kisii kwenda Keroka, uinyooshe kona zake zote kama ingewezekana, halafu utue juu yake na ndege ya injini nne, usiku, taa zikiwashwa dakika chache tu halafu zizimwe kwa sababu juu kuna ndege ya adui inasubiri ione mwanga. Ndivyo makanisa na Msalaba Mwekundu walivyokuwa wakiingiza chakula. Kuna wakati mizinga ya Nigeria ilipamba moto, marubani wakaona ni kujiua, safari zikasimama. Basi Agosti 1968 von Rosen, akiwa na miaka 58, alipakia ndege yake kisiwani São Tomé na kuruka chini kabisa, karibu aguse maji, kisha karibu aguse miti, ambako rada haimwoni na mizinga haipati muda wa kulenga. Akatua Uli na tani kadhaa za chakula na dawa. Njia ikafunguka, wengine wakafuata. Akawekwa kuwa msimamizi wa safari hizo za makanisa.

Angeacha hapo, leo tungekuwa tunamwandika kama malaika. Hakuacha.

Alikuwa amewaona watoto wakifa, na amewaona marubani wa Nigeria wakipiga masoko na wakifukuza ndege za chakula. Akafikia uamuzi kwamba kupeleka unga peke yake haitoshi, ni kama kumlisha mtu ambaye kesho yake anachinjwa. Mwaka 1969 zikanunuliwa Uswidi ndege tano ndogo sana, MFI-9, za watu wawili, zile za kujifunzia na kutembelea. Gabon zikafungwa roketi chini ya mabawa. Tarehe 22 Mei 1969 yeye na Waswidi wenzake wachache pamoja na marubani wa Biafra waliruka chini ya miti wakaupiga uwanja wa ndege wa Port Harcourt. Siku zilizofuata wakapiga Benin, Enugu, na kituo cha umeme cha Ughelli. Ndege zile zilikuwa ndogo kiasi kwamba walinzi walikuwa hawajamaliza kuzishangaa roketi zimeshatua. Dunia nzima ikaandika. Wengine walimshangilia, babu wa miaka 59 na vindege vyake.

Mimi hapa sikubaliani naye, na nasema wazi. Naielewa hasira yake. Lakini mtu aliyekuwa akiingia na chakula, uso uleule na jina lilelile, anapoingia na roketi, ni nani atawaaminisha askari wa upande wa pili kwamba ndege inayokuja usiku huu imebeba maziwa ya unga? Tayari Nigeria ilikuwa inalalamika, na si bure, kwamba silaha na chakula vinatua kwenye lami moja pale Uli. Tarehe 5 Juni 1969, wiki mbili tu baada ya Port Harcourt, ndege ya kivita ya Nigeria iliidungua ndege ya Msalaba Mwekundu iliyobeba chakula, na watu wote wanne waliokuwamo wakafa. Msalaba Mwekundu ukasimamisha safari zake. Sisemi kwamba von Rosen ndiye aliyewaua, aliyebonyeza kitufe ni mwingine. Nasema tu kwamba tarehe hizo mbili ziko karibu sana, na njaa iliendelea. Wapo watakaonijibu kwamba bila kuwapiga wenye ndege, ndege za chakula zingedunguliwa tu. Hoja hiyo ina uzito wake, nayo ni ya kujadiliwa futari ikishaliwa. Biafra ilisalimu amri Januari 1970.

Miaka michache baadaye njaa ikaja kwake mwenyewe, Uhabeshi. Mwaka 1973 watu walikuwa wakifa mkoa wa Wollo, serikali ya mfalme ikalificha jambo hilo, na aibu ile ilisaidia kumwangusha Haile Selassie tarehe 12 Septemba 1974. Wanajeshi wakashika nchi. Von Rosen hakuwa na mfalme tena wa kumwita, lakini alikuja. Na sasa ile akili ya vindege vya Biafra aliigeuza.

Tatizo la Uhabeshi ni milima na mabonde. Kijiji kinaonekana pale, lakini kukifikia ni siku kadhaa za punda, na punda nao wamekufa. Ndege kubwa haina pa kutua. Ukiangusha gunia kutoka juu sana linapasuka, nafaka zinamwagika kwenye mawe, ama linamwangukia mtu. Mwavuli ni ghali na upepo unaupeleka kwa mtu mwingine. Von Rosen akachukua ndege ndogo za MFI-15, ndugu ya zile za Biafra, na mahali pa roketi, palepale chini ya mabawa, akafunga mizigo ya chakula. Halafu anashuka chini kabisa, mita chache tu juu ya ardhi, anapunguza mwendo, anaachia. Gunia halina muda wa kushika kasi ya kuanguka, linagusa chini na kubingirika kama mpira. Mzigo mmoja ni mdogo, ndiyo, lakini ndege inarudi, inapakia, inakuja tena, mara nyingi kwa siku. Ni hesabu rahisi ambayo fundi wa gereji anaielewa kuliko profesa.

Sisi Wakenya kuangusha chakula kwa ndege tumekuja kukujua zaidi kwa ajili ya Lokichoggio, huko Turkana, ambako kuanzia 1989 ndege za Umoja wa Mataifa zilikuwa zinapeleka msaada Sudan Kusini, mpaka mapipa makubwa ya Hercules yakimwaga magunia kwenye viwanja vya nyasi. Zile zilikuwa ndege kubwa na mradi mkubwa. Mzee huyu alifanya na ndege ya watu wawili. Na kwetu Gusii, ambako mvua haikosi na mgomba ukiuacha unazaa wenyewe, si rahisi kufahamu maana ya mtu kukaa amekodolea anga akisubiri gunia. Waulize jamaa zetu wa Garissa na Wajir.

Mwaka 1977 kazi ilimpeleka Ogaden, nchi kavu ya mashariki, kwenye mji wa Gode ulio kando ya mto Shebelle. Ukame ulikuwa umewamaliza wafugaji wa Kisomali ngamia na mbuzi wao, wakajaa kambini. Hapa lazima tuwe waadilifu. Wasomali wa Ogaden walikuwa na malalamiko yao ya miaka mingi dhidi ya Addis Ababa, walitaka kuungana na ndugu zao wa Somalia, kama ambavyo wenzao wa kaskazini mwa Kenya walivyotaka wakati wa vita vya Shifta. Na serikali ya Mengistu mwaka huohuo ilikuwa inawaua vijana wake yenyewe barabarani. Von Rosen alifanya kazi chini ya serikali hiyo. Hakuipenda njaa, na mwenye ndege na ruhusa ya kuruka alikuwa serikali, basi. Safari hii hakufunga roketi.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1977 wapiganaji wa upande wa Somalia waliushambulia mji wa Gode. Mtu aliyepona gesi ya Waitaliano, mizinga ya Warusi na makombora ya Uli, hakufia angani. Aliuawa chini, kwenye shambulio lile, mwezi mmoja hivi kabla ya kutimiza miaka 68.

Vita vikawaka wazi. Jeshi la Somalia likaitwaa Gode na sehemu kubwa ya Ogaden, na halikuondoka mpaka Machi 1978. Angani juu ya jangwa lile, walioruka kupambana na ndege za Somalia walikuwa marubani wa jeshi la anga la Uhabeshi, lile lile alilolianzisha yeye Bishoftu miaka thelathini nyuma. Maiti yake haikurudishwa Uswidi. Alizikwa Addis Ababa, kwenye makaburi ya Gulele.